Mihadhara ni ya bure, maabara je?

Haya wasomaji, nimekuwa kimya tangu Januari na baadhi yenu mmeuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kila Jumatano saa nane mchana huwa ninavaa koti jeupe na kusimama kwenye maabara pamoja na vijana wa miaka 19, nikisoma kemia ya mwaka wa kwanza. Mimi huyu, mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta na miaka 6 ya kuandika programu kwa mshahara. Wananiita anko. Mmoja aliniita mwalimu siku ya kwanza akaniuliza kama kutakuwa na mtihani wa ghafla.

Ilianzaje? Kazini tuliletewa kandarasi ya kuandika programu ya kuchambua mifuatano ya DNA za bakteria. Kwa mtu wa kompyuta DNA ni raha tupu: faili la herufi nne tu, A, C, G na T. Niliandika programu ya kutafuta jeni kwenye faili hilo, ikaenda kasi ajabu, majaribio yote yakapita. Nikajipongeza. Kisha mtafiti mmoja mama mtaratibu akaangalia matokeo na kuniuliza, "Na uzi wa pili uko wapi?" Sikujua anazungumzia nini. Kumbe DNA ina nyuzi mbili zinazosomwa kwa mielekeo inayopingana, na jeni inaweza kukaa kwenye uzi wowote kati ya hizo. Faili huwa na herufi za uzi mmoja tu. Wa pili unaupata kwa kugeuza mfuatano nyuma mbele, halafu A inakuwa T na C inakuwa G. Programu yangu ilisoma uzi mmoja ikanyamaza. Kwa bakteria, hiyo ni kupoteza karibu nusu ya jeni zote. Marekebisho yalichukua mistari mitano ya msimbo, lakini aibu ile sijaisahau hadi leo.

Nikaamua kusoma uzamili wa bioinfomatiki. Chuo kikanijibu kwamba nafasi ipo, ila kwa masharti: kwanza nipite masomo matatu ya sayansi ya mwaka wa kwanza, yaani kemia ya msingi na maabara yake, biolojia ya seli na maabara yake, na jenetiki ya utangulizi. Biolojia ya sekondari niliipuuza kwa sababu nilishajua nataka kompyuta, na gredi ya KCSE ilionyesha hivyo. Kwa hivyo sina ugomvi na masharti hayo. Wako watu wazima wengi wanaolalamika kwamba masomo ya sharti ni ukiritimba tu, kwamba mtu mwenye shahada asirudishwe nyuma. Mimi nasema hapana. Mtu asiyejua uzi wa pili arudishwe, na mimi ni mmoja wao.

Ugomvi wangu ni juu ya kitu kingine, na nitakueleza baada ya kukusimulia habari ya faneli.

Kabla ya muhula kuanza nilijiandaa kama tunavyojiandaa sisi watu wa kompyuta. Nilipakua vitabu vya kemia na biolojia vya OpenStax, vinavyotolewa bure kabisa tangu mradi huo uanze kuchapisha mwaka 2012. Nikatazama masomo ya Khan Academy usiku, data za bei nafuu zinapoanza. Nikatengeneza kadi mia kadhaa kwenye Anki, ile programu huria inayokukumbusha jambo pale tu unapokaribia kulisahau. Nikacheza na PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Colorado. Kufikia wiki ya kwanza nilikuwa naweza kusawazisha mlinganyo wa kemikali nikiwa nimesimama ndani ya matatu. Kwenye mihadhara nilikaa nyuma nikijibu barua pepe za kazi, na mtihani wa kwanza wa nadharia nikapata alama nzuri kuliko nilizowahi kupata sekondari.

Halafu ikaja Jumatano ya taitresheni. Kwa wale mliosahau: unaweka asidi kwenye bureti, unapima sentimita 25 za ujazo za alkali kwa pipeti, unatia matone ya fenolftaleini yanayoifanya iwe ya waridi, halafu unadondosha asidi polepole mpaka rangi ipotee. Unarudia mara tatu, na majibu yako yanatakiwa yatofautiane kwa si zaidi ya 0.1. Kwenye kompyuta nilikuwa nimepata jibu barabara mara ya kwanza. Siku ile nilipata 27.4, kisha 25.9, kisha 24.8. Kijana wa pembeni yangu alikuwa na 25.1, 25.0, 25.1 na alikuwa anapiga soga.

Fundi wa maabara, mama wa makamo ambaye sote tunamwita Madam, akaja akasimama nyuma yangu. "Kijana," akasema (yeye peke yake ndiye anayeniita kijana pale), "hiyo faneli inafanya nini huko juu?" Nilikuwa nimeiacha mdomoni mwa bureti baada ya kumimina asidi, nayo ilikuwa inadondoka kidogo kidogo na kuharibu kipimo. Zaidi ya hayo nilikuwa nasoma mstari wa maji nikiwa nimeinama kutoka juu badala ya kuweka jicho sambamba nao. Sasa sikiliza kinachochekesha. Niliporudi nyumbani nilifungua kadi zangu. Kadi mojawapo inauliza, "Baada ya kujaza bureti ufanye nini?" Jibu: ondoa faneli. Nilikuwa nimeijibu sawasawa mara tisa.

Kichwa kilijua, mkono haukujua. Na wiki mbili baadaye kwenye hadubini nilichora kwa makini sana, nikaweka na lebo, kitu ambacho Madam alinieleza kwa upole kwamba ni kiputo cha hewa. Seli za ngozi ya kitunguu zilikuwa pembeni yake, safi kabisa, zimekolea iodini, nami nilikuwa nimezipita.

Ndiyo maana nasema tunabishana juu ya kitu kisicho na uhaba. Kila mwaka naona watu wa fani yangu wakizindua programu nyingine ya simu ya kufundisha sayansi, video nyingine, jaribio jingine la kuigiza. Mimi mwenyewe nilikuwa na wazo la moja, hata jina nilikuwa nimelipata. Lakini masomo yenyewe yamejaa tele. MIT walitangaza mwaka 2001 kwamba wataweka masomo yao wazi kwenye intaneti, na tangu hapo bahari imefurika. Mtu mzima wa Kitale au Voi mwenye simu na bando anaweza kupata nadharia yote ya kemia ya mwaka wa kwanza bila kumwomba mtu ruhusa. Asichoweza kupata ni bureti, na mtu wa kumuuliza kuhusu faneli.

Chuo, kwa upande wake, kimepanga mambo kinyume chake. Kile ninachoweza kukipata bure usiku, yaani mhadhara, ndicho ninacholazimishwa kuhudhuria: usipofika theluthi mbili ya vipindi huruhusiwi kuketi mtihani. Na kile nisichoweza kukipata popote, maabara, kimewekwa Jumatano saa nane hadi saa kumi na moja, katikati ya siku ya kazi, bila siku mbadala. Ukikosa mbili umekwisha.

Mimi nimebahatika. Bosi wangu alikubali niondoke Jumatano mchana na nirudishie saa hizo Jumamosi, mshahara ukapunguzwa kidogo tu. Kazi ya kuandika programu inaruhusu hivyo. Lakini tulianza muhula watu wazima wanne kwenye kundi letu, na sasa tumebaki wawili. Mmoja wa walioondoka alikuwa dada wa miaka 34, mama wa watoto wawili, anayeuza kwenye duka la dawa na kutafuta masomo ya sharti ili aingie kozi ya afya. Huyo dada alikuwa na mkono! Pipeti ilimtii kama kijiko. Miaka ya kupima na kuhesabu nyuma ya kaunta, nadhani. Mwenye duka alimruhusu Jumatano nne, ya tano akamwambia achague. Akachagua kodi ya nyumba. Karo ya muhula haikurudishwa.

Jiulize ni nani kati yetu sisi wawili ambaye nchi ilimhitaji zaidi pale mezani.

Mtu atasema, zamani kulikuwa na masomo ya jioni, si wafanyakazi wengi walisoma hivyo? Ni kweli. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mpango wa kujilipia wa Module II mwaka 1998, vyuo vingine vikafuata, na madarasa ya jioni yakajaa watu waliotoka kazini na tai zao shingoni. Lakini kumbuka walisoma nini zaidi: biashara, sheria, ualimu, masomo yanayohitaji kiti na chaki. Maabara ya jioni ilikuwa nadra hata wakati ule. Kisha matokeo ya KCSE ya mwaka 2016 yakashuka ghafla, waliopata C+ na zaidi wakawa takriban 89,000 kutoka 169,000 hivi mwaka uliotangulia, serikali ikawa na nafasi za kuwachukua wote, na mpango wa kujilipia ukaanza kukauka. Madarasa mengi ya jioni yakaenda nao. Mwaka 2023 tukapata Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kule Konza, kinachofundisha kwa intaneti, na miongoni mwa kozi zake za kwanza ni sayansi ya data na usalama wa mtandao. Nakipongeza kwa dhati. Ila hizo ni kozi ambazo maabara yake ni kompyuta ndogo uliyonayo mapajani. Dada wa duka la dawa hakuhitaji kompyuta.

Na sio kwamba jambo hili halijawahi kutatuliwa. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa 1969 na kuanza kufundisha 1971, kiliwapelekea wanafunzi wake wa sayansi sanduku la vifaa vya majaribio kwa posta hadi mlangoni, pamoja na hadubini ndogo ya McArthur ambayo unaishika mkononi. Nadharia wakaipata kwa vitabu na kwa vipindi vya BBC. Halafu kiangazi wakaitwa wiki moja kwenye maabara za vyuo vingine ambavyo wanafunzi wake walikuwa likizoni. Wiki moja mfululizo. Mfanyakazi anaweza kuomba likizo ya wiki moja. Hawezi kuomba Jumatano kumi na nne.

Kwetu hapa, shule za sekondari hufungwa mwezi wa nane. Nyingi zina maabara yenye meza, sinki, bureti na fundi anayejua kila chupa iko wapi. Zinafungwa kwa kufuli wiki kadhaa. Ninachopendekeza ni kidogo sana: chuo kimruhusu mwanafunzi mtu mzima afanye mtihani wa nadharia akiwa tayari, bila kuhesabiwa vipindi, na praktikali zote za somo zikusanywe kwenye Jumamosi au kwenye wiki mbili za Agosti, katika maabara ya shule iliyo karibu naye, chini ya usimamizi wa chuo. Viwango visishushwe hata kidogo. Mimi ningetaka praktikali iwe ngumu zaidi, na mtu asipite bila kupata zile tatu zinazokubaliana.

Gharama ipo, sikatai. Fundi alipwe posho, kemikali zinunuliwe, na kuna suala la nani atawajibika mtu akijimwagia asidi. Mkuu wa idara niliyezungumza naye alianzia hapo hapo kwenye asidi, na ni swali la haki. Lakini ni swali la bima na bajeti, na maswali ya namna hiyo huwa yana majibu. Sisi wanne tungelipa nyongeza. Tulishawahi kuulizana tukiwa tunaosha vyombo, na hata yule dada alisema angelipa, mradi isiwe Jumatano.

Ile programu yangu ya simu nimeifuta. Badala yake nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa idara, na nyingine kwa shule mbili za mtaani kwetu kuuliza kuhusu Agosti. Shule moja imejibu kwamba italipeleka suala hilo kwenye bodi. Kama wewe ni mwalimu mkuu, au unakaa kwenye bodi ya shule yenye maabara, niandikie. Nina watu watatu tayari, na dada wa duka la dawa ni wa kwanza kwenye orodha.