Mkimbizi Asiye na Hema na Daftari la Taifa

Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari. Methali hii hutajwa aghalabu dukani na sokoni, lakini maana yake inawafaa watu pia. Nchi inapopatwa na janga, watu wake hutawanyika. Na wasipoandikwa walikotoka, walikopitia na walikofikia, hupotea wangali hai. Kenya ililiona jambo hili kwa uchungu baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Tatizo halikuwa kwamba hakuna aliyehesabu. Tatizo lilikuwa kwamba kilichohesabiwa kwanza kilikuwa hema, ilhali kilichopaswa kuhesabiwa ni mtu.

Takwimu zenyewe ndizo zinazoshuhudia. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mnamo Oktoba 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa katika ghasia hizo. Kwa mujibu wa hesabu za serikali, watu 663,921 waliyahama makao yao. Kati yao, takribani 350,000 walikimbilia kambi 118, na familia 640 zikavuka mpaka kuingia Uganda. Waliosalia, watu 313,921, waliingia katika jamii mbalimbali kote nchini: kwa jamaa, kwa marafiki, kwa waumini wenzao, au katika vyumba vya kupanga. Hivyo ni kusema kwamba takribani nusu ya waliohama hawakulala katika hema lolote. Hata hivyo, neno “mkimbizi wa ndani” linapotamkwa, picha inayomjia Mkenya akilini ni ya hema jeupe katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret au wa Nakuru. Nusu nyingine haina picha.

Ili kuielewa nusu hiyo, hapana budi kuutazama mji kama Witeithie, ulioko kandokando ya barabara kuu ya Thika, baina ya Juja na Thika, katika Kaunti ya Kiambu. Hapa ni mahali pa watu waliotoka kwingine. Kuna ploti za vyumba vya kupanga vilivyopangana kama meno ya kitana. Kuna vibarua wa machimbo ya mawe, wafanyakazi wa viwanda vya Thika na wa mashamba ya mananasi, wachuuzi wa mboga, waendeshaji bodaboda, na wanafunzi ambao kodi ya Juja imewashinda. Hakuna anayemshangaa mgeni, kwa kuwa wengi ni wageni. Mtu aliyeteketezewa nyumba Burnt Forest au Kuresoi, akiwa na watoto wawili na furushi moja, angeweza kuingia katika mji wa namna hii jioni, akalipa kodi ya mwezi mmoja kwa fedha alizochangiwa na jamaa, na asubuhi akaonekana kama mpangaji mwingine yeyote. Vivyo hivyo, kibarua mwenye asili ya Nyanza au ya Magharibi aliyefukuzwa katika mji wa Kati akarudi kwa wazazi wake, alionekana huko kama mwana aliyerejea nyumbani. Wote wawili wamehama kwa nguvu. Wote wawili hawana hema.

Lugha nayo huchangia kuwaficha watu hawa. Mtu yuyo huyo huitwa mkimbizi akiwa kambini na mpangaji akiwa Witeithie. Jina likibadilika, haki hubadilika nalo. Mkimbizi ana dai kwa serikali. Mpangaji ana deni kwa mwenye nyumba. Hata sensa haimnusuru, kwani sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuhesabiwa. Katika sensa za Agosti 2009 na Agosti 2019, aliyekimbia makwao akalala Kiambu alihesabiwa kuwa mkazi wa Kiambu, sawa na jirani yake aliyehamia hapo kwa hiari akitafuta kazi. Idadi ya watu ilikuwa sahihi. Yaliyowapata watu hao ndiyo yaliyofutika.

Yamkini atatokea wa kuuliza: kuna hasara gani mtu akijitafutia makao bila kuisumbua serikali? Jibu limo katika hundi. Mnamo Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ambapo familia ziliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha upya, na shilingi 25,000 zaidi kwa waliobomolewa au kuchomewa nyumba. Usajili ulifungwa mwishoni mwa mwaka huo. Aliyekuwa kambini aliweza kusikia tangazo likisomwa kwa kipaza sauti. Aliyekuwa amejibanza chumbani kwa shangazi yake alilisikia lilipokuwa limekwisha kupita. Mnamo Septemba 2013, familia zilizokuwa zingali kambini zililipwa shilingi 400,000 kila moja ili ziondoke. Waliokuwa katika jamii walisubiri zaidi, na malipo yaliyoanza kutolewa kwa baadhi yao mnamo 2016 na 2017 yalikuwa shilingi 50,000. Janga moja, moto mmoja, bali fidia zinatofautiana mara nane kwa sababu mmoja alilala chini ya turubai na mwingine chini ya bati. Asiyekuwapo na lake halipo. Na katika orodha za serikali, kuwapo kulimaanisha kuwa kambini.

Haifai kudhani kwamba udhaifu huu ulitokana na ujinga wa sheria. Mnamo Desemba 2006, mwaka mmoja tu kabla ya ghasia, viongozi wa nchi za Maziwa Makuu walitia saini mkataba jijini Nairobi. Itifaki yake kuhusu wakimbizi wa ndani inazitaka nchi wanachama ziwe na hifadhidata ya kitaifa ya kuwasajili watu hao. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mnamo 2009, nao unazitaka serikali ziwe na rejista inayosahihishwa kila mara. Kenya yenyewe ilitunga sheria ya kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani mnamo 2012. Karatasi, basi, hazikukosekana. Kilichokosekana ni daftari linalomfuata mtu hadi mlangoni pake.

Taaluma ya kufuatilia waliohama imepiga hatua. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilianza mfumo wake maalumu wa ufuatiliaji nchini Iraki mnamo 2004, na tangu hapo mfumo huo umetumika katika nchi nyingi, zikiwemo Sudan Kusini, Burundi, Somalia na Kongo. Mfumo huo hufanya kazi kwa njia kadhaa. Kwanza, wahesabuji huwauliza watu wanaokijua kijiji, kama vile wazee, walimu na wauguzi, ni familia ngapi zimeingia na zimetoka wapi. Pili, wahesabuji husimama katika vivuko na vituo vya mabasi kuandika wanaopita. Tatu, familia moja moja husajiliwa na kuulizwa mahitaji yake na nia yake: kurudi, kubaki, au kwenda kwingine. Kila njia hujibu swali lake. Ya kwanza husema wangapi wako hapa. Ya pili, wangapi wako njiani. Ya tatu, nani anastahili nini. Anayetaka kugawa haki kwa jibu la swali la kwanza pekee atakosea, hata hesabu yake ikiwa safi.

Mfano wa mashariki ya Kongo unadhihirisha hatari ya kuamini hema. Huko Kivu, kwa miaka mingi, wengi wa waliohama wamekuwa wakihifadhiwa na familia za wenyeji, si kambi. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma mnamo Januari 2025, kambi zilizouzunguka mji huo, zilizokuwa na mamia ya maelfu ya watu, zilibaki tupu katika muda wa siku chache mwezi Februari, watu wakiwa wameamriwa kuondoka. Anayehesabu mahema angeandika kwamba tatizo limekwisha. Ukweli ni kwamba tatizo lilijitwika furushi likaondoka kwa miguu, likaingia vijijini ambako nyumba zilikuwa zimevunjwa na mashamba yamegeuka vichaka. Kambi kufungwa si sawa na safari kuisha.

Wapo wanaoamini kwamba simu ya mkononi itaimaliza kazi hii. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010, watafiti walitumia kumbukumbu za laini za simu, zilizofichwa majina, wakaweza kukadiria idadi ya waliouhama mji mkuu na walikoelekea. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa. Lakini simu huonyesha kwamba laini imehama. Haionyeshi kwamba mwenyewe ni mjane, wala kwamba mtoto amekatiza masomo, wala kwamba hati ya shamba iliungua. Nyumba nyingine zina laini tatu, nyingine zina moja inayotumiwa na watu sita. Chombo hiki ni cha kuonyesha mwelekeo wa msafara. Kumtambua msafiri kunahitaji mtu wa kumsikiliza.

Kuna hoja mbili za kupinga usajili mpana, na zote zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni ya wakimbizi bandia. Inasemwa kwamba daftari likifunguliwa hadi kwenye ploti za kupanga, kila mwenye shida atajiita mkimbizi. Hofu hii ina msingi, kwani visa vya udanganyifu vililalamikiwa hata kambini. Lakini kambi ndiyo iliyourahisisha udanganyifu, kwa kuwa ushahidi uliotakiwa ni kuonekana hemani, na hema mtu yeyote anaweza kulisimika. Usajili unaouliza mtu alikuwa akiishi kijiji gani, chifu wake alikuwa nani, watoto walisoma shule ipi na majirani walikuwa akina nani, ni mgumu zaidi kudanganywa, kwani kila jibu lina mtu wa kulithibitisha upande wa pili.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Orodha ya watu walioandamwa kwa ajili ya kabila lao yaweza kugeuka silaha mikononi mwa waliowaandama. Nchini Rwanda, mnamo 1994, kitambulisho kilichoandikwa kabila kilitosha kumhukumu mtu kifo katika kizuizi cha barabarani. Anayekataa kuandikwa, basi, si mjinga. Pengine anajua historia kuliko anayemwandika. Kwa sababu hiyo, daftari la waliohama lapaswa kuwa la hiari, liulize mahali na hasara badala ya kabila, na lilindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Maswali yenyewe yaulizwe kwa Kiswahili chepesi kinachoeleweka na bibi wa miaka sabini, sio kwa fomu ya Kiingereza inayofasiriwa papo hapo na karani mwenye haraka. Hapa ndipo wasomi wa Kiswahili wana wajibu usioweza kuachiwa wanatakwimu. Swali lililotafsiriwa vibaya huzaa takwimu mbovu, na takwimu mbovu humnyima mtu chakula.

Kinachopendekezwa si kigumu. Ofisi ya chifu ipo kila mahali, Witeithie ikiwemo. Daftari lifunguliwe hapo siku ambayo janga linatokea popote nchini. Walimu wakuu waandike wanafunzi wanaoingia katikati ya muhula na sababu ya kuhama kwao. Wauguzi wa zahanati na viongozi wa makanisa na misikiti waeleze familia mahali pa kujiandikisha. Wenye ploti wasilazimishwe kuwapeleleza wapangaji, bali wabandike tangazo langoni. Jina likiandikwa Juja liweze kuonekana Eldoret, ili mtu asianze upya kila anapohama. Muhimu kuliko yote, daftari lisifungwe kwa tarehe ya kalenda. Lifungwe kwa kila familia pale familia hiyo itakapokuwa imerudi, au imetulia ilipo, au imepata makao kwingine, kwa kauli yake yenyewe.

Haya si mambo ya 2008 pekee. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa maelfu ya Wakenya majumbani, kuanzia mitaa ya Mathare hadi Mai Mahiu na bonde la Mto Tana. Wengine walilala madarasani na wakaonekana katika habari. Wengine walipiga simu kwa ndugu, wakapanda matatu na kupotea machoni. Miaka mingi imepita baina ya moto na maji, na bado nchi humwona upesi aliye chini ya turubai kuliko aliye chini ya paa la nduguye.

Katika lugha ya Gĩkũyũ, Witeithie maana yake ni “jisaidie”. Ni jina jema kwa mji wa watu wenye bidii, na wengi wameliishi kwa jasho la vipaji vya nyuso zao. Waliohama kwa nguvu nao wamejisaidia: wamepanga vyumba, wamepasua mawe, wamesomesha watoto. Lakini “jisaidie” ni neno la kumtia moyo jirani. Serikali inayomwambia raia aliyechomewa nyumba neno hilohilo, kwa kutoliandika jina lake popote, haimtii moyo, inamkana.