Matamvua ya Nini Kwenye Jua Hili?

Kuna picha yangu moja inazunguka kwenye simu za marafiki. Niko juu ya farasi wa kukodi, ufuoni, saa saba mchana, nimevaa jaketi la poliesta la rangi ya ngozi, matamvua yananing'inia mikononi kama mizizi ya mkoko. Kofia pia ipo. Ukiitazama haraka utasema ni Texas. Picha haionyeshi kilichofuata: dakika tano baadaye niliteremshwa na watu wawili, kichwa kinazunguka, jasho limekauka, na tamvua moja limenasa kwenye hatamu. Bahati yangu farasi alikuwa mpole.

Kwa hivyo siandiki kwa dharau. Naandika kama mtu aliyeyalipia makosa yake shilingi 4,500 kwa duka la mtandaoni.

Siku hizi kila mtu ni kauboi. Na muziki wa country si mgeni kwetu. Wazazi wetu wamekula Jim Reeves na Don Williams redioni mpaka wakayajua maneno yote, na Sir Elvis amekuwa akiuimba jukwaani Nairobi kwa miaka. Huko bara wana hata siku yao ya makauboi, mwezi wa Julai. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na nguo. Tunachukua vazi la kazi, tunalinunua kama pambo, kisha tunakwenda kulivaa juu ya mnyama mwenye nguvu kutushinda.

Kabla sijaendelea, niwajibu wale wa upande wa pili, wanaotuambia kwamba kuvaa hivi ni utumwa wa kiakili. Jamani, shukeni Biashara Street. Muulizeni mwenye duka lolote la vitambaa maana ya merikani. Ni pamba nyeupe, ngumu, isiyotiwa rangi, na jina lake linasema ilikotoka. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na meli za Salem zikawa zinaleta pamba hiyo Zanzibar, ikasambaa pwani nzima hadi bara. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba, vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Jina likabaki.

Na pamba ile ililimwa na nani? Watumwa wa Kusini mwa Marekani, Waafrika wenzetu. Huku kwetu, kaniki, kitambaa cha nili, kilikuwa vazi la watumwa na maskini. Jinzi ya kauboi nayo ni pamba na nili. Hata kile kitambaa cha shingoni, bandana, jina lake limetoka Kihindi, lina maana ya kufunga. Leso yetu nayo ina jina la Kireno, na yasemekana mabibi zetu walinunua vitambaa vya mkono wakaviunga sita sita mpaka ikawa nguo. Na makauboi weusi walikuwa maelfu, hata kama sinema ziliwaficha. Sasa niambie, ni nani hapa anayevaa nguo ya mgeni? Vaa, ndugu yangu. Vaa bila kuomba radhi. Lakini chagua kwa akili.

Mimi akili nilipewa barazani, na fundi mmoja wa Biashara Street ambaye kwa umri ni ami yangu. Nilimpelekea lile jaketi aniondolee matamvua. Aliligeuza nje ndani, akanusa bitana, akauliza: "Wewe wataka nguo ya kupandia farasi ama ya kupigia picha?"

Nikamwambia zote mbili. Akacheka, akachukua futi yake.

Alichonifundisha ni hiki. Aliyepanda farasi amenyoosha mikono mbele muda wote, kwa hivyo mkono wa shati uwe mrefu kuliko ule wa ofisini, la sivyo utapanda hadi katikati ya kigasha na jua likuchome. Mikono mirefu, ndiyo, hata Mombasa, lakini pamba nyepesi. Kola isimame ikinge shingo. Nyuma shati literemke vya kutosha lisichomoke ukikaa. Mwilini lisibane, lakini lisipepee pia, kwa sababu tandiko la kikauboi lina pembe mbele, ya kufungia kamba, na kila kinachoning'inia hutafuta pa kunasa. Mifuko miwili kifuani iwe na vifuniko, simu isiruke mchangani.

Vifungo navyo si urembo. Jack Weil, aliyeanzisha Rockmount Ranch Wear mjini Denver mwaka 1946, anatajwa kuwa wa kwanza kutia vile vifungo vya kubonyeza kwenye mashati ya kikauboi. Shati likinasa, vifungo vinaachia na wewe unabaki mzima. Kwenye lile langu la mtandaoni vifungo vya kubonyeza vilikuwa vya uongo, vimegundishwa juu ya zipu.

Jaketi? Liishie kiunoni. Refu utalikalia, likuvute mabega. La jinzi nyepesi latosha asubuhi za kusi, au siku utakayokwenda Nairobi. Ngozi nzito muachie mwenye theluji. Na kama huwezi kuishi bila matamvua, kikoi kimekuwa nayo tangu zamani. Jifunge kikoi jioni, ukishashuka.

Mtaniambia: lakini ule mng'aro wa jukwaani ndio asili ya mtindo! Basi jueni ulitoka wapi. Mmoja wa walioufanya ukajulikana ni Nudie Cohn, fundi cherehani aliyezaliwa Kyiv mwaka 1902, akahamia Marekani, akawa anawashonea waimbaji wa country suti za vito. Ile suti ya dhahabu ya Elvis Presley ya 1957 ni yake. Yaani hata huko, nyuma ya kauboi anayemeremeta kulikuwa na mhamiaji na cherehani yake. Waimbaji wale walipimwa miili yao. Sisi twanunua saizi ya mtu tusiyemjua.

Na hapa ndipo paniumapo. Biashara Street ina maduka ya leso yenye majina yanayojulikana pwani nzima; mpaka leo leso ya Kaderdina Hajee Essak huandikwa Mali ya Abdulla. Vitambaa vipo. Mafundi wapo. Lakini yule ami yangu aliniambia siku hizi kazi yake kubwa ni kupunguza na kurekebisha: suruali za mitumba kutoka Kongowea, na nguo za mtandaoni zisizowakaa wenyewe. Mtu anayejua kukata shati zima anashinda akipinda mapindo. Hiyo si kazi ya kumfanya kijana aketi kando yake kujifunza.

Najua mtakachosema. Mafundi huchelewa. Kweli, langu aliliahidi Alhamisi nikalipata Jumanne ya pili yake, baada ya safari tatu na maneno makali. Lakini hesabu ni hii: kitambaa mita mbili na nusu, shilingi 1,000; vifungo 200; ushonaji 1,200. Jumla 2,400, karibu nusu ya lile lililonipa kizunguzungu. Ni la pamba ya samawati, na mabegani ametia kipande cha kikoi.

Jumapili iliyopita nililivaa ufuoni, nikazunguka saa nzima. Mwenye farasi akaniuliza nimelinunua wapi. Nikampeleka barazani mwenyewe. Ataka mawili.