Mshahara wa Kijana na Chungu cha Mama

Ukitamka katika Bukavu yetu kwamba mtoto mkubwa anayekaa kwa wazazi alipe chakula na malazi, watu watashika kichwa. "Je, nyumba ya baba imekuwa hoteli?" Hasha! Si hoteli, na kwa sababu hiyo mwenye mshahara hana haki ya kukaa humo kama mgeni.

Mtazame mama wa Kadutu. Anaondoka alfajiri kuuza sambaza sokoni. Kwa faida ile ndogo anunue unga wa muhogo, makala, sombe, mafuta ya mawese, sabuni. Alipe maji na umeme. Alipe karo ya wadogo walio sekondari, maana elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi tu. Na ndani ya nyumba hiyo yumo kijana wa miaka 27, mwenye kazi, viatu vyake vinang'aa. Jioni anauliza: "Mama, leo bugali na nini?" Akiambiwa ni maharage tena, ananuna!

Utasema: "Mimi ninaweka akiba ya mahari." Vema. Lakini ikiwa mama amekulisha miaka 5 tangu upate kazi, ng'ombe wale wamenunuliwa na nani? Ni sambaza zake zilizogeuka kuwa ng'ombe wako.

Wengine hujificha nyuma ya mambo ya Mungu: sare ya kwaya, mchango wa jumuiya. Wafungue Marko, sura ya 7. Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni korbani, yaani sadaka, wapate kuwanyima wazazi wao msaada. Je, baba akose dawa kwa ajili ya kitambaa cha kwaya? Hata Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inawadai watoto wawatunze wazazi walio katika shida.

Na enyi wazazi, msicheke. Binti yenu akiuza mitumba, kila franka yake mnaiuliza. Kaka yake hamumwulizi, ati ni mwanaume, anajenga maisha yake. Kumbe binti hajengi? Hapo kosa ni lenu kabisa.

Sisemi asiye na kazi atozwe. Vijana wenye diploma wanaotembea bure ni wengi, na tangu Februari 2025, vita vilipouingia mji na benki kufunga milango, hata wenye kazi walihangaika kupata mshahara wao. Asiye na kitu achote maji mabomba yakikauka, apasue kuni, awafundishe wadogo masomo yao jioni. Hiyo nayo ni malipo. Wala simtetei baba anayetoza watoto ili apate kasiksi; ndiyo maana nasema fedha iwekwe mkononi mwa mama.

Kiasi gani? Mimi naona sehemu moja katika tano ya mshahara yatosha, nayo itajwe waziwazi mbele ya wote, dada na kaka sawasawa. Tena itolewe siku ileile ya mshahara, kabla ya kupitia kwa marafiki. Siku ya tatu mfuko umekwisha kuwa mtupu, tunajuana.