Wanatunza mashine, jiwe letu hawalitaji

Nyinyi familia mulioacha vijiji vyenu Masisi na Walikale, leo munivumilie: nazungumzia mashine za michezo, zile za kuunganisha na televisheni. Najua kuna mama anasoma hii kwa simu ya jirani huku akiwaza unga wa kesho. Lakini jambo hili ni letu.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya mashine hizo za zamani. Wanazifuta vumbi, wanabadilisha vipuri. Berlin ina jumba la makumbusho la michezo hiyo, lililofunguliwa mara ya kwanza 1997, na mji wa Rochester, Marekani, una lake. Sina ubaya nao, kitu cha zamani kinastahili kutunzwa. Mkusanyaji atakuambia mwaka, kampuni, hata jina la fundi aliyebuni. Muulize jiwe lilitoka wapi, atanyamaza.

Fungueni mashine. Kinachoshikanisha nyaya ni bati, na hapa Walikale bati linachimbwa Bisie tangu 2002. Miguu ya kaseti nyingi imepakwa dhahabu, na Omate ni nani asiyeijua kwa dhahabu? Vipuri vingine vidogo vya umeme ni tantalamu, inayotoka kwenye koltani kama ile ya Rubaya. Siapi kwamba jiwe la kwetu limo ndani ya mashine fulani. Hakuna anayeweza kuapa, kwa sababu hakuna aliyeandika. Hapo ndipo kesi yangu.

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150. Mwaka uleule bei ya tantalamu ilipanda karibu mara kumi. Wageni wengine wakasema vita vyetu ni vya PlayStation. Hapo wametia chumvi: simu na kompyuta zilitaka jiwe lilelile, na wafanyabiashara walioogopa upungufu walijaza maghala. Lakini RCD iliyotawala Goma haikulala. Novemba 2000 iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje peke yake. Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika ripoti nzima juu ya uporaji wa mali ya Kongo.

Mimi nilikuwa shule ya msingi. Wenzangu wa benchi moja waliacha daftari wakafuata baba zao kwenye mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na wengine hawakurudi darasani tena. Wako kwenye jumba gani la makumbusho?

Mutaniambia: wewe mwandishi, watu wanalala chini ya shiti, unaleta michezo! Ndiyo, na Rubaya ilipoingia mikononi mwa M23 Aprili 2024, wengi wenu mulilala chini ya shiti hilo kwa ajili ya nini?

Na sisi wenyewe tuna kosa. Wazee waliochimba wakati ule wanakufa, wengine wamehama mara nne, na hatujarekodi sauti zao. Kijana mmoja wa salle ya michezo alipokimbia alibeba PlayStation 2 yake ndani ya beseni, imefungwa kwa kitenge. Baba yake aliwahi kuchimba koltani. Nilimuuliza kama aliwahi kumuhoji. Akasema hapana. Jumapili ninaenda kwao na kinasa sauti. Mwenye mzee wa namna hiyo aniite.