Neno la Mhariri: Muumini Hahitimu

Jioni ya tarehe 11 Aprili 1979, siku ambayo majeshi yetu ya Tanzania pamoja na Waganda waliopigana upande wetu yaliiteka Kampala, Wayahudi duniani kote walikuwa wanaanza Pasaka yao, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Sisi wa Kagera tunaikumbuka vita ile kwa daraja la Kyaka lililolipuliwa, nyumba zilizochomwa na ndugu tuliowazika. Kwenye vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda, wako wanaoikumbuka kama vita iliyowarudishia ibada. Hao ni Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, waliokatazwa dini yao chini ya Idi Amin.

Toleo hili linahusu mafundisho ya dini kwa watu wazima. Hapa kwetu Rubwera hakuna sinagogi, na wasomaji wetu wengi ni Walutheri, Wakatoliki na Waislamu. Hata hivyo nimeona tuanzie Mbale, kwa kuwa watu wale wametufundisha jambo tunalolihitaji: jumuiya ya waumini hudumu pale watu wake wazima wanapoendelea kujifunza, na huanza kufa siku inapowaambia kwamba wamemaliza.

Habari yao ilianza kwa kusoma. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki. Alikuwa Mkristo, na Biblia nzima kwa Kiluganda ilikuwa imekamilika tangu 1896. Akaisoma, akauliza maswali kuhusu Sabato na tohara, majibu ya wenzake yasimridhishe. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akajihesabu Myahudi. Mwaka uliofuata akaja Myahudi mmoja mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef tu, akakaa nao kama miezi sita akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kisha akaondoka.

Hebu tuipime miezi hiyo sita. Kakungulu hakungoja Yosef mwingine. Alianzisha darasa la kuwafundisha wengine alichokipokea, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha kanuni na sala kwa Kiluganda. Alifariki 1928, lakini masomo hayakufa naye, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuwa walimu. Zaidi ya miongo minne baadaye, chini ya Amin, masinagogi yalipofungwa na sala kuwa kosa, wengi waliiacha dini. Inakadiriwa walishuka kutoka watu 3,000 hivi hadi 300. Hao wachache walisali kwa siri majumbani, na watoto waliokua katika nyumba hizo ndio waliofufua sinagogi la kilima cha Nabugoye katika miaka ya 1980.

Mwaka 2002 walifika marabi kutoka ng'ambo, na watu wapatao 400 wakathibitishwa rasmi kuwa Wayahudi. Miongoni mwao walikuwamo watu wazima waliozaliwa na kulelewa katika imani hiyo, na bado walikubali kukaa mbele ya walimu na kuulizwa. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akahitimu 2008, akarudi Nabugoye kufundisha. Mwaka 2016 jumuiya ilifungua sinagogi jipya kubwa, na mwaka huohuo wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, wakamchagua kuwa mbunge wao.

Wanachokifanya Nabugoye ndicho kinachofanyika katika masinagogi ya Nairobi, Yerusalemu na New York. Vitabu vitano vya Musa vimegawanywa katika mafungu ya kila juma. Mwaka unapozunguka, siku ileile wanayosoma kifo cha Musa mwishoni mwa Kumbukumbu la Torati, wanafungua Mwanzo na kusoma uumbaji. Bibi wa miaka 80 amekwisha kuisikia habari ya Ibrahimu na Isaka mara nyingi sana, na mwaka huu ataisikia tena, akiwa sasa amezaa, amezika na amesamehe. Maandiko ni yaleyale, ila msomaji amebadilika, na hapo ndipo maana mpya hupatikana.

Namna yao ya kusoma nayo ina fundisho. Desturi ya zamani ni watu wawili kukaa na ukurasa mmoja, huyu akieleza na yule akihoji. Talmudi, kitabu chao kikuu cha sheria na mijadala, imehifadhi mabishano ya shule za walimu wawili wa kale, Hillel na Shammai, bila kufuta hoja za upande ulioshindwa, ili wajukuu nao wazipime. Tangu 1923 wako Wayahudi duniani kote wanaosoma ukurasa mmoja wa Talmudi kila siku. Kurasa ni 2,711, kwa hiyo safari huchukua karibu miaka saba na nusu, na ikiisha huanza upya. Mapokeo yao yanasimulia kwamba Rabi Akiva, mmoja wa walimu wao wakuu, alianza masomo akiwa na umri wa miaka 40. Kwao kusoma namna hii ni kumwabudu Mungu sawa na kusali.

Sasa tujitazame wenyewe. Kijana wa Kilutheri hukaa darasa la kipaimara, akakariri katekisimu. Siku ikifika huvaa nguo mpya, pilau huliwa na picha hupigwa. Mwenzake Mkatoliki ni vivyo hivyo, na mtoto wa madrasa hupongezwa anapomaliza juzuu yake. Baada ya hapo wengi wetu hatuulizwi tena swali lolote. Tunaimba kwaya, tunachangia mabati, tunachaguliwa kuwa wazee wa usharika, lakini tukiwa na miaka 50 imani yetu bado ni ile ya miaka 15. Msiba mzito ukitupata, au mhubiri mgeni akifunga spika sokoni na kuahidi miujiza kwa malipo, hatuna cha kushikilia wala cha kumpimia.

Najua majibu yatakayotolewa nikisema watu wazima waendelee kujifunza. La kwanza ni kwamba watu wazima wamechoka na mavuno ya kahawa, na wengine hawajui kusoma. Nchi hii imekwisha kulijibu hilo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa kisomo idadi ya wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka karibu theluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi karibu asilimia 10 katikati ya miaka ya 1980. Waliojifunza hivyo ni wakulima waliotoka shambani.

La pili ni kwamba maswali hudhoofisha imani. Abayudaya walizaliwa kutokana na maswali na wakavuka marufuku. La tatu ni kwamba anayezama katika maandiko yake huwachukia wa dini nyingine. Mwaka 2004 Joab Jonadab Keki, Myahudi wa Mbale, aliwakusanya wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika ushirika mmoja wa kahawa. Ameizamia dini yake tangu utoto, na ndiye aliyebisha hodi kwa jirani.

Kila mwenye kibanja cha migomba anajua hakipandwi mara moja kikaachwa. Tunaweka samadi, tunatandaza nyasi, tunapogolea, msimu hadi msimu, na ndiyo maana wajukuu wanakula ndizi za shamba la babu. Imani nayo inataka uangalizi wa namna hiyo.

Makala zinazofuata zinaeleza jinsi jumuiya ndogondogo zinavyosoma Injili ya Jumapili, darsa za msikitini baada ya magharibi, na wanawake waliojifunza kusoma ukubwani ili waifungue Biblia wenyewe. Msingi tunao, basi. Ombi langu kwa wachungaji, mapadre, makatekista na mashehe wa Kyerwa na Karagwe ni mtenge saa moja kila wiki kwa ajili ya watu wazima. Wakae wawiliwawili na fungu moja la maandiko, waulizane, na anayeongoza awe na ujasiri wa kusema "sijui, tukalitafute". Waalikeni na wazee wasiojua kusoma, kwa kuwa anayesomewa naye ana swali. Na mkimaliza kitabu, msigawe vyeti. Kifungueni tena mwanzo.