Samaki Anayefuata Nyuma ya Boti

Mwezi huu nakuchukua safari ya mbali, hadi kwenye ziwa moja kaskazini mwa jimbo la Idaho, nchini Marekani. Usiogope, tutarudi nyumbani kabla ya kusonga ugali wa jioni.

Julai ya mwaka 2023 nilipata likizo, nikaenda kumtembelea mdogo wangu ambaye anaishi na mumewe mjini Spokane, katika jimbo la Washington. Nilifikiri naenda kupumzika. Siku ya pili tu, tukiwa jikoni tunakata vitunguu, akaniambia, "Dada, huyu mtoto amenishinda. Ukirudi, rudi naye."

Alikuwa anamsema kijana wake wa miaka 15. Haongei. Akiingia nyumbani anafunga mlango wa chumba chake. Ukimsalimu kwa Kiswahili anajibu neno moja la Kiingereza, macho yako kwenye simu. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuulizia nauli, na hata shule ya bweni huku kwetu. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema, "na huyu anakaribia kukauka." Sikumjibu. Kazi ya uuguzi imenifundisha kutotoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Jumamosi shemeji akatualika sote kwenda kuvua katika Ziwa Pend Oreille, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Mimi nimekulia Kigoma. Tangu utotoni nimeona taa za wavuvi wa dagaa zikimetameta usiku ziwani kama mji unaoelea, kwa hiyo nilijiona najua uvuvi. Kumbe kila ziwa lina elimu yake.

Samaki tuliyemfuata anaitwa kokani. Ni salmoni, ndugu hasa wa yule salmoni mwekundu anayekwenda kukulia baharini, ila huyu maisha yake yote hukaa katika maji baridi ya ziwa. Umbo lake ni dogo, na wengi tuliowapata walikuwa na urefu wa sentimita 25 hivi, wenye rangi ya fedha. Akikaribia kutaga, kwa kawaida akiwa na miaka mitatu au minne, mwili wake hugeuka mwekundu, hutaga mara moja tu, kisha hufa. Chakula chake ni vidudu vidogo mno vinavyoelea majini. Ndiyo maana si rahisi kumdanganya kwa mnyoo.

Kokani hupenda maji yenye baridi ya nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi. Wakati wa kiangazi maji ya juu hupata joto, naye hushuka chini. Ukitupa mshipi wa kawaida huku boti inakwenda, chambo kitaelea juu kabisa na yeye yuko chini hana habari. Kwa hiyo wavuvi wa huko hutumia mtambo unaofungwa ubavuni mwa boti. Ni kigurudumu chenye waya mwembamba wa chuma, na mwisho wa waya huning'inia tufe la risasi lenye uzito wa kilo nne au tano. Mshipi wa kuvulia hubanwa kwenye waya huo kwa kibanio. Unazungusha gurudumu, tufe linashuka na mshipi wako, na kihesabio kinakuonyesha umefika futi ngapi. Samaki akiuma, kibanio huachia, nawe unabaki na samaki wako bila ule mzigo wa risasi.

Aliyeyafanya yote hayo siku ile alikuwa ni yule kijana. Baba yake alishika usukani tu. Mtoto alifunga kipande cha bati linalong'aa, nyuma yake akaweka chambo kidogo cha rangi ya waridi, na kwenye ndoana akachomeka punje za mahindi meupe ya kopo. Nilicheka moyoni: mahindi yamenifuata hadi Idaho! Mwisho akafunga juu ya tufe kamera ndogo isiyoingia maji, ikitazama nyuma, kule kiliko chambo. Akashusha hadi futi 70, yaani kama mita 21. Hakusema neno.

Boti ikaenda polepole kuliko mtu anavyotembea, kama kilomita mbili kwa saa. Saa ya kwanza ikapita, hakuna kitu. Saa ya pili, samaki mmoja. Mashine ya kupima kina ilionyesha vidoti vidoti chini yetu, lakini mdogo wangu hakuviamini. "Hivyo vidoti vyenu ni takataka. Hapa hakuna samaki, twendeni nyumbani." Kijana akainamisha kichwa. Niliona maneno yale yamemwingia kuliko mama yake alivyokusudia.

Mara ufito wa upande wangu ukaruka. Nikaukamata na kuvuta kwa nguvu zangu zote za Kigoma. Kijana akaniwekea mkono begani. "Polepole, mama mkubwa. Mdomo wake ni laini, ukivuta sana utachanika." Kwa Kiswahili! Nikalegeza mkono, tukamleta taratibu hadi kwenye kijiwavu. Hadi saa sita mchana tulikuwa na samaki wanne tu.

Jioni, nilipokuwa nakaanga, kijana akafungua ile kamera na kuunganisha picha kwenye televisheni. Mama mwenzangu, laiti ungeona! Kulikuwa na maji ya kijani, bati likiyumba na kumeremeta, na nyuma ya chambo, samaki. Si mmoja. Wanakuja wawili, wanakuja watano, wanasogea hadi kugusa chambo kwa pua, kisha wanarudi nyuma kidogo na kuendelea kufuata. Mmoja alitufuata kwa zaidi ya dakika tatu. Na saa iliyoonyeshwa kwenye picha ilikuwa ni ile ile ambayo mdogo wangu alisema hapa hakuna samaki.

Kijana akasimama mbele ya televisheni akitueleza, Kiswahili chake kikichanganyika na Kiingereza. "Huyu hana njaa, mama. Chambo hiki si chakula chake. Anafuata kwa sababu anataka kujua ni nini. Boti ikienda moja kwa moja bila kubadilika, atafuata tu mpaka achoke. Sasa tazama hapa, baba amekata kona." Kweli, boti ilipopinda, chambo cha upande wa ndani kilipunguza mwendo na cha nje kikaongeza. Samaki akarukia. Kati ya wale wanne, watatu waliuma kwenye kona.

Aliongea kwa karibu nusu saa. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo, machozi yanamtoka, na wala hakuwa anatazama samaki.

Usiku tuliketi wawili. Akaniambia, "Dada, mimi nilidhani hayupo." Nikamuuliza ni lini mara ya mwisho alikaa na mwanawe bila kumuuliza habari za masomo au kumkosoa. Alifikiri kwa muda mrefu, hakupata jibu. Kila siku maswali yale yale, kwa sauti ile ile, kwa mwendo ule ule. Na kumbe mtoto alikuwa nyuma muda wote: ndiye aliyekuwa anachaji simu ya mama yake kila usiku, ndiye aliyekuwa anaketi juu ya ngazi akisikiliza tunapoongea habari za bibi yake. Ishara zilikuwepo, ila mama aliziita takataka.

Shemeji alinieleza pia habari za ziwa lenyewe. Kokani wa Pend Oreille walipungua sana kwa sababu ya trauti wakubwa walioletwa kutoka kwingine, ambao huwala. Mwaka 2000 ilikatazwa kabisa kuwachukua. Serikali ya jimbo ikaanza kuwapunguza wale trauti kwa nyavu na kwa kuwalipa wavuvi wanaowakamata, na mwaka 2013 watu wakaruhusiwa tena kuchukua kokani. Wapo waliodhani samaki wale wamekwisha. Walikuwa bado wako chini, wachache, wakingoja mazingira yao yatengenezwe.

Mama mwenzangu, sisemi kwamba kila mtoto aliyenyamaza ni mzima. Kama muuguzi nakuambia, mtoto asiyekula, asiyelala, anayejiumiza au anayesema hataki kuishi, mpeleke kwa mtaalamu leo, usingoje kesho. Lakini kabla hujaamua kwamba wako amekwisha kuondoka, jaribu kushuka hadi kina alichopo. Muulize juu ya kitu anachokipenda yeye, hata kama ni mpira au muziki usiouelewa. Kata kona: badilisha saa ya kuongea naye, mahali, na sauti. Na akisogea, usimvute kwa nguvu. Mdomo bado ni laini. Ile methali ya kukunja samaki ni ya kweli, lakini hata aliye mbichi huvunjika ukimkunja kwa hasira.

Nilirudi nyumbani Agosti na tiketi moja tu, yangu. Wiki iliyofuata mdogo wangu alinipigia simu. Mambo bado si mazuri yote, mlango bado unafungwa siku nyingine. Ila Jumamosi ile walikwenda ziwani wawili peke yao, mama na mwana, na yeye ndiye aliyeshika usukani. Walipata samaki mmoja.

"Na kamera je?" nikamuuliza.

"Hatukuifunga," akasema. "Tulikuwa tunaongea."

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.