Umaarufu wa Wanamuziki Hautoshi Kulinda Utamaduni

Taifa lililotawanyika duniani lina kiu ya kulisikia jina lake likitajwa. Ndiyo maana Waarmenia wanaoishi Los Angeles, Paris, Beirut na miji mingine ya ugenini wamekuwa wakijadiliana, kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, juu ya wanamuziki wanne wa roki. Wapo wanaowaona kuwa ni mabalozi wa taifa lao. Wapo pia wanaouliza kama ni sawa muziki wa vishindo na makelele kuwa sura ya watu wenye herufi zao wenyewe tangu karne ya tano, na kanisa lililo miongoni mwa makanisa makongwe kuliko yote duniani. Mjadala huo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu chini yake limo swali kubwa zaidi: ni nani hasa mwenye kazi ya kuulinda utamaduni wa taifa?

Bendi yenyewe ni System of a Down, iliyoundwa California mwaka 1994. Wanamuziki wake wote ni wa asili ya Kiarmenia, na mahali walipozaliwa panasimulia historia ya watu wao. Serj Tankian na John Dolmayan walizaliwa Lebanoni, Shavo Odadjian alizaliwa Yerevan, na Daron Malakian alizaliwa Marekani katika ukoo uliopitia Iraki. Hawakutawanyika hivyo kwa kupenda. Tarehe 24 Aprili, 1915, watawala wa Dola ya Othmania waliwakamata wasomi na viongozi wa Waarmenia mjini Istanbul. Baada ya hapo yalifuata mauaji, na misafara ya wanawake, wazee na watoto waliofukuzwa makwao wakaelekezwa kwenye majangwa ya Syria. Inakadiriwa kwamba waliopoteza maisha walifika watu 1,500,000. Serikali ya Uturuki mpaka leo inakataa kuyaita mauaji hayo ya kimbari, na kwa miaka mingi mataifa makubwa yalikwepa kulitamka neno hilo kwa ajili ya maslahi yao ya kijeshi na ya kibiashara.

Katika hali hiyo ya kunyamaziwa, si ajabu kwamba vijana wa Kiarmenia waliipokea bendi hiyo kwa furaha kubwa. Albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1998, ilikuwa na wimbo unaoyazungumzia mauaji ya 1915. Albamu ya pili ilishika nafasi ya kwanza kwa mauzo Marekani mwaka 2001. Mtoto ambaye shuleni alichoka kueleza Armenia iko wapi, na ambaye pengine aliona haya kwa jina lake refu linaloishia na -ian, ghafla alikuta majina ya namna hiyo yakitamkwa kwa heshima na wenzake. Jambo hilo si dogo. Mtu anayedharauliwa huanza kusimama wima siku anapoona kwamba jina lake halimzuii kusikilizwa.

Hata hivyo, wanaotia shaka nao wana hoja zenye uzito. Wazee wengi waliolelewa katika nyimbo za ibada na za vijijini hawasikii Armenia katika sauti za kupayuka na maneno makali, tena kwa sehemu kubwa katika lugha ya Kiingereza. Wengine wanahofia kwamba dunia itawajua Waarmenia kwa maafa yao tu, kana kwamba taifa hilo lilizaliwa mwaka 1915 na halina ushairi, usanifu wa majengo wala elimu. Wapo pia wanaouliza mwanamuziki amechaguliwa na nani kuwa msemaji. Tankian na Dolmayan wenyewe wametofautiana hadharani juu ya siasa za Marekani. Ikiwa watu wawili wa bendi moja hawana kauli moja, itawezekanaje bendi hiyo iwe kauli ya mamilioni?

Ukweli ni kwamba pande zote mbili zinamtazama mwanamuziki peke yake, na zinasahau kutazama alikotoka. Ikumbukwe kwamba watatu kati ya wanne hao, yaani Tankian, Malakian na Odadjian, walisoma katika shule moja ya Kiarmenia mjini Los Angeles. Babu yake Tankian alikuwa mmoja wa walionusurika mauaji, na kwake mjukuu aliisikia historia ambayo haikuwa ikifundishwa katika shule nyingi za Marekani. Maana yake ni kwamba kabla ya magitaa ya umeme palikuwapo ubao na chaki, na kabla ya jukwaa palikuwapo mzee aliyesimulia. Bendi haikuuumba Uarmenia wa vijana hao. Iliurithi kutoka kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye bango lolote.

Hapa ndipo pana hatari inayopasa kuwashughulisha Waarmenia kuliko swali la makelele. Mwaka 2005 System of a Down ilitoa albamu mbili, na zote mbili zikaingia katika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka huo huo, mjini Nicosia katika kisiwa cha Cyprus, ilifungwa Shule ya Melkonian, iliyojengwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya yatima wa mauaji yale na kuwalea wanafunzi wa Kiarmenia kutoka nchi nyingi. Wahitimu wake waliupinga uamuzi huo, lakini milango haikufunguliwa. Mwaka 2010, UNESCO ilikitaja Kiarmenia cha Magharibi, lugha ya wengi waliotawanyika, kuwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka. Jina la taifa lilikuwa likipaa huku lugha yake ikididimia. Shangwe ya uwanjani haiwezi kujaza nafasi ya darasa lililofungwa.

Wala hapana sababu ya kuidharau kazi ya wasanii. Charles Aznavour, mzaliwa wa Paris, aliwakusanya wanamuziki wa Ufaransa kuwasaidia waathirika wa tetemeko la ardhi la Desemba 1988 lililoua watu wapatao 25,000 nchini Armenia. Mwimbaji Cher, ambaye baba yake alikuwa Mwarmenia, alifika Yerevan mwaka 1993, wakati nchi ilipokuwa gizani kwa ukosefu wa nishati. Tarehe 23 Aprili, 2015, siku moja kabla ya kutimia miaka mia, System of a Down ilipiga muziki bila kiingilio katika Uwanja wa Jamhuri mjini Yerevan, na umati ukasimama kwenye mvua kuisikiliza. Mwaka 2020, vita vya Nagorno-Karabakh vilipozuka, bendi hiyo ilitoa nyimbo mpya baada ya miaka 15 na kuchangisha mamia ya maelfu ya dola. Lakini Septemba 2023 Waarmenia zaidi ya 100,000 waliikimbia Nagorno-Karabakh. Wimbo uliweza kuita msaada. Haukuweza kuwa ngao.

Tanzania nayo ina mfano unaosaidia kulielewa jambo hili. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa wazazi wa Kiparsi, alijulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Utotoni alipelekwa kusoma India, na mwaka 1964 jamaa yake ilihamia Uingereza. Hakujitwika kazi ya kuisemea Zanzibar wala Waparsi, na hapana haki ya kumlaumu kwa hilo. Leo wageni huja Mji Mkongwe kutafuta alama zake, lakini hakuna anayedhani kwamba umaarufu wake ndio ulioyahifadhi mashairi, taarabu au lugha ya Visiwani. Kazi hiyo ilifanywa na inaendelea kufanywa na wengine.

Waarmenia wenyewe wanamkumbuka Komitas, padri aliyezunguka vijijini akiandika nyimbo za wakulima. Alikamatwa Aprili 1915. Alirudi hai, lakini akili yake haikupona tena, akafa Paris mwaka 1935. Nyimbo alizoziandika ndizo zinazofundishwa mpaka sasa. Mkusanyaji huyo hakuwa na viwanja vilivyojaa, ila aliacha kitu cha kufundishia.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili haiachwi kwa kusikiliza roki. Huachwa pale mzazi anapoacha kuzungumza lugha yake na mtoto, na pale wenye fedha wanapoona shule ni mzigo. Waarmenia wana haki ya kuwashangilia wana wao jukwaani, na pia wana wajibu wa kuilipia shule iliyowalea. Somo hilo linawahusu vilevile walimu na watumishi wa umma popote walipo: wanaoshika chaki na wanaotunza kumbukumbu za taifa hawapigiwi makofi, lakini bila wao mwanamuziki maarufu wa kesho hatakuwa na lolote la kuimba juu ya kwao.